Simu Nzito na Dawa ya Kuzima na Kuwasha

Katika nyumba zetu nyingi siku hizi simu ya mkononi imekuwa kama ufunguo wa nyumba: ikipotea au ikiharibika, wote waliomo huhangaika. Kwa simu hiyo mama hupokea fedha alizopelekewa na mwanawe aliye mjini. Kwa simu hiyo mwanafunzi hutazama masomo yake, na mkulima hupata habari za bei ya korosho. Kwa simu hiyo habari ya msiba hufika kijijini kabla jua halijatua. Basi simu inapokuwa nzito, ukaigusa na isikujibu ila baada ya kitambo, si jambo dogo hata kidogo. Na dawa itajwayo na kila mtu, mkubwa kwa mdogo, ni moja tu: "Izime, kisha uiwashe."

Je, dawa hii ni ya kweli, au ni mazoea tu? Na ikiwa ni ya kweli, yafaa chombo kilichonunuliwa kwa fedha nyingi kizimwe na kuwashwa kila mara ndipo kifanye kazi yake? Swali hili huenda likaonekana ni la vijana na mafundi. Lakini lilipoingia katika nyumba ya jamaa zangu huko Mzenga, nilitambua kwamba ni swali la nyumba nzima, na kwamba asiyejua jibu lake aweza kupoteza kitu kisichonunulika.

YALIYOTOKEA MZENGA

Mzenga ni kata ya Wilaya ya Kisarawe, Mkoa wa Pwani. Mtu atokaye Mlandizi, upande wa Kibaha, hushika njia ya kwenda Maneromango, na Mzenga iko katika njia hiyo. Ni nchi ya mihogo, miembe na mikorosho. Huko anakaa shangazi yangu, mjane mwenye umri mkubwa, pamoja na mjukuu wake anayesoma sekondari.

Marehemu mumewe alipokuwa amelazwa hospitali mjini Dar es Salaam, alikuwa akimpelekea mkewe maneno ya sauti kwa simu. Mengi yalikuwa salamu na dua. Lakini katika sauti zile mlikuwamo pia habari za madeni: watu anaowadai, na watu wanaomdai, na kiasi cha kila mmoja. Kisha Mwenyezi Mungu akamchukua mja wake. Shangazi alizihifadhi sauti zile katika simu, naye hakuziandika popote. Kila alipotaka kumkumbuka mumewe alizifungua akasikiliza.

Baadaye simu ile ikawa nzito. Mwanzo aliizima na kuiwasha mara moja kwa wiki, ikafaa. Kisha ikawa kila siku. Mwisho ikawa asubuhi, adhuhuri na jioni, na bado ikikwama kabla hajamaliza kusoma ujumbe mmoja. Wanawe walio mjini wakaanza kuchangiana fedha za kumnunulia simu nyingine, na huku yeye na mjukuu wakaipeleka ile ya zamani kwa fundi.

Fundi akaitazama, akasema, "Bibi, simu hii imechoka. Tuiflashi, itakuwa kama mpya." Shangazi alidhani kuflashi ni kule kule kuzima na kuwasha alikokuzoea, ila kwa mkono wa fundi. Akakubali. Ni yule mjukuu aliyeuliza, "Na sauti za babu zitabaki?" Fundi akajibu kwamba hakitabaki kitu. Shangazi akanyosha mkono, akaichukua simu yake, wakarudi nyumbani.

Nimeeleza kisa hiki kwa sababu mambo haya mawili huchanganywa na watu wengi. Kuzima na kuwasha hakufuti picha, wala ujumbe, wala namba za watu. Kitakachopotea labda ni maneno uliyokuwa ukiandika wakati huo na hujayahifadhi. Lakini kuflashi, au kuirudisha simu katika hali iliyotoka nayo kiwandani, ni kufuta vyote vilivyomo. La kwanza ni mfano wa kufagia chumba, na la pili ni mfano wa kukihamisha kila kitu nje na kukichoma moto. Asikubali mtu la pili kabla hajanakili mahali pengine kila analolithamini.

KWA NINI SIMU HUWA NZITO

Ili tufahamu, na tufikiri juu ya karani mwenye meza na kabati. Kabati ndimo yanamokaa mafaili yote, hata ofisi ikifungwa. Meza ni mahali pa kufanyia kazi ya sasa, na karani hufungua juu yake yale tu anayoyashughulikia.

Ndani ya simu mna vitu hivi viwili. Kabati ni ile nafasi ya kuhifadhia picha, video na programu. Meza ni ile ambayo mafundi huiita ramu: humo huwekwa yale yanayofanyiwa kazi wakati huu, na simu ikizimwa, yote yaliyo juu ya meza huondoka.

Sasa, meza ya simu nyingi za bei nafuu ni ndogo. Kila programu unayoifungua huweka karatasi zake mezani, na nyingine huendelea kukaa hapo hata baada ya wewe kuiacha. Programu iliyoundwa vizuri hurudisha nafasi iliyoazima. Lakini iko iliyoundwa kwa uzembe, ambayo huazima na haikumbuki kurudisha. Kila saa huongeza kidogo kidogo, mpaka meza ikajaa na karani akakosa mahali pa kuweka hata kalamu. Hapo ndipo simu hukwama.

Sababu ya pili ni kabati kujaa. Simu ambayo nafasi yake ya kuhifadhia imebaki kidogo kabisa hufanya kazi kwa taabu, maana kila inapotaka kuandika jambo jipya hutafuta mahali na kupanga upya. Sababu ya tatu ni programu zenyewe: zinaongezwa mambo mapya mwaka hata mwaka, zikazidi uzito, na simu ni ile ile. Ya nne ni joto na betri iliyozeeka, kwani simu iliyopata moto sana hupunguza mwendo wake ili isijiharibu.

Ukiyajua hayo, utaona mara moja ni lipi linaloponywa na kuzima na kuwasha, na ni lipi lisiloponywa. Kuzima huisafisha meza. Ikiwa tatizo ni programu iliyoazima isirudishe, au iliyokwama, dawa imepatikana. Lakini kabati lililojaa litabaki limejaa, programu nzito zitabaki nzito, na betri kuukuu haitakuwa mpya. Kwa hiyo simu inayotaka kuzimwa mara tatu kwa siku inakuambia kwamba ugonjwa wake uko mahali pengine.

Na tuseme pia juu ya wale wanaozifunga programu zote kwa kidole kila dakika, wakidhani wanaisaidia simu. Mara nyingi hawaisaidii. Simu za sasa zina utaratibu wa kujiondolea zenyewe zisizotumiwa, na programu iliyofungwa kabisa, ikifunguliwa tena baada ya muda mfupi, huanza upya na kutumia chaji zaidi. Ifunge ile iliyokwama, nyingine ziache.

SI MARADHI YA SIMU RAHISI TU

Asidhani mtu kwamba jambo hili ni la simu za maskini. Mitambo mikubwa ya mataifa tajiri imeshikwa na maradhi haya haya, na mara nyingine yameleta msiba.

Katika vita vya Ghuba mwaka 1991, Wamarekani waliweka huko Dhahran, Saudi Arabia, mitambo iitwayo Patriot ya kutungulia makombora. Mtambo ule ulihesabu wakati kwa sehemu za kumi za sekunde, na katika hesabu yake mlikuwa na kasoro ndogo sana isiyoonekana. Lakini kila saa iliyopita bila mtambo kuzimwa, kasoro iliongezeka. Tarehe 25 Februari mtambo mmoja ulikuwa umekaa kazini zaidi ya saa 100 mfululizo, na kosa lilikuwa limefika karibu theluthi moja ya sekunde. Kwa kombora liendalo kasi mno, muda huo ni zaidi ya nusu kilomita. Mtambo ukatazama mahali pasipokuwa na kitu, kombora likapita, likaangukia bweni la askari na kuwaua watu 28.

Na jambo la kusikitisha ni hili. Siku chache kabla, wenye mitambo walikuwa wametumiwa habari kwamba kuiacha ikifanya kazi muda mrefu sana huleta makosa, lakini hawakuambiwa muda mrefu ni saa ngapi. Kuuzima mtambo na kuuwasha kulihitaji dakika moja au moja na nusu tu. Programu iliyosahihishwa ilifika Dhahran tarehe 26 Februari, yaani siku moja baada ya msiba.

Vilevile mwaka 2015 wasimamizi wa usafiri wa anga wa Marekani waliamuru kwamba ndege za Boeing 787 zikatiwe umeme mara kwa mara, kwa sababu ilionekana kwamba ikiwa umeme wake utaachwa siku 248 bila kukatwa, vidhibiti vya jenereta zake vyote vyaweza kuzimika pamoja. Ndege ya mamilioni ya dola nayo iliambiwa: zima, kisha washa!

Kutokana na mifano hii twapata mambo mawili. La kwanza, dawa ya kuzima na kuwasha si ushirikina wa vijiweni. Ni dawa ya kweli. La pili, ni dawa ya kungojea tiba, si tiba yenyewe. Wale waundaji wa Patriot hawakusema, "Tutakuwa tukizima tu milele." Walilitafuta kosa wakalisahihisha. Ole wao walichelewa siku moja.

DHAMANA YA WAUZAO

Hapa pana neno la kuwaambia wanaounda simu na wanaoziuza. Mwaka 2017 kampuni ya Apple ilikiri kwamba ilipunguza mwendo wa baadhi ya simu zake zenye betri kuukuu, ikisema kwamba ilitaka zisizimike ghafla. Huenda sababu ilikuwa njema, lakini wenye simu hawakuambiwa. Watu walidhani simu zao zimekwisha, kumbe wengine walihitaji betri mpya tu. Mwaka 2020 mamlaka ya Ufaransa iliitoza kampuni hiyo euro milioni 25 kwa kutowaeleza wanunuzi.

Na kwetu Tanzania, usiku wa tarehe 16 Juni 2016, Mamlaka ya Mawasiliano, yaani TCRA, ilizifungia simu za bandia zisitumike. Kabla ya siku hiyo wananchi walifundishwa kubonyeza *#06# ili waione namba ya utambulisho wa simu, kisha waitume kwa ujumbe kwenda 15090 ili wajue kama simu ni halali. Walioumia ni wanyonge, walionunua kwa nia njema wakauziwa jina bila kitu.

Waislamu hatuna udhuru katika jambo hili. Twajua habari ya Mtume wetu (s.a.w.) alipopita sokoni, akatia mkono wake katika chungu ya nafaka, akaikuta chini ina unyevu na juu ni kavu, akamkemea mwenye nayo na kumwambia kuwa mwenye kudanganya si katika sisi. Basi kijana Mwislamu mwenye duka la simu, anayejua kwamba simu fulani meza yake ni ndogo na itakuwa nzito baada ya miezi michache, na amweleze mteja wazi. Na fundi, kabla hajamwambia mjane "tuiflashi", na amwambie kwanza kwamba kila kitu kitafutika. Kuficha ndiko kule kule kulowa kwa nafaka.

SEHEMU YETU WENYEWE

Turudi Mzenga. Mjukuu yule alikaa siku mbili jioni, baada ya masomo yake, akiipekua simu ya bibi yake. Kwanza kabisa alizinakili sauti za babu katika simu ya mjomba wake. Kisha akatafuta ni nini kilicholijaza kabati.

Hakukuta michezo wala upuuzi, kama mtu awezavyo kudhani. Alikuta maelfu ya picha na video zilizopelekwa katika makundi ya jamaa na ya msikiti. Picha za maua zenye salamu za Ijumaa, wiki baada ya wiki. Mawaidha ya masheikh, video moja ikiwa imekuja mara tano kutoka kwa watu watano. Dua zilizoandikwa chini yake kwamba asiyezipeleka kwa watu kumi atapatwa na balaa, jambo lisilo na asili katika dini. Simu ilikuwa imewekwa kupokea na kuhifadhi kila kitu yenyewe, bila kuuliza. Shangazi hakuwahi kuzifungua nyingi katika hizo, wala hakujua kuwa zipo.

Mimi niliposikia haya niliona haya, kwa sababu baadhi yake nilizipeleka mimi. Kusambaza mawaidha ambayo mwenyewe hukuyasikiliza mpaka mwisho, si kufundisha dini. Ni kumjazia ndugu yako kabati, na kumlipisha bando na chaji kwa jambo usilolifanyia juhudi hata wewe.

Mjukuu akafuta yaliyorudiwa na yasiyo na kazi. Akaingia katika mipangilio ya WhatsApp, akaizuia isihifadhi picha na video bila kuamriwa. Akaondoa programu ambazo bibi hakuzijua hata majina. Ndipo akaizima simu na kuiwasha. Ile simu iliyochoka ikarudi kujibu kama inavyotakiwa. Haikuwa mpya, lakini ilitosha, na zile fedha walizochanga wana zikabaki kwa mambo mengine.

Twafahamu sote kwamba Qur'ani Tukufu imekataza ubadhirifu. Na mara nyingi ubadhirifu wetu haukutokana na tamaa, bali na kutojua. Simu ikitupwa kwa sababu imejaa, ni sawa na kuhama nyumba kwa sababu haikufagiliwa.

Na lile la madeni? Shangazi alikaa na jamaa, wakazisikiliza sauti zote tangu mwanzo, wakaandika kila deni katika karatasi mbele ya mashahidi. Wakamkuta mtu mmoja aliyekuwa akimdai marehemu, naye hakuwahi kuja kudai kwa kuona haya kwa mjane. Akalipwa. Lau simu ile ingeflashiwa siku ile, deni lile lingebaki shingoni mwa maiti, na walio hai wasijue. Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika Suratul Baqara tuandike madeni, na hatukuambiwa tuyaache katika simu.

JE, TUZIME MARA NGAPI?

Lililobaki ni jibu la swali letu la kwanza. Simu nzima, yenye nafasi ya kutosha, haipaswi kuhitaji kuzimwa kila siku ndipo iende. Ikihitaji hivyo, tafuta sababu. Lakini kuizima na kuiwasha mara moja kwa wiki ni desturi nzuri, hata kama haina ugonjwa. Huisafisha meza, na ina faida nyingine ya usalama: ziko programu za kijasusi zinazoweza kuingia katika simu na kukaa juu ya meza tu, na simu ikizimwa huondoka. Kwa sababu hiyo mwaka 2020 Idara ya Usalama wa Taifa ya Marekani iliwashauri watu wazime na kuwasha simu zao kila wiki, na mwaka 2023 Waziri Mkuu wa Australia, Anthony Albanese, aliwashauri wananchi wake wazizime kila usiku kwa dakika tano. Hii si kinga kamili, lakini ni kinga isiyogharimu kitu.

Mtu asione ajabu kwamba chombo kizima pia chahitaji kusafishwa kwa nyakati. Mtume (s.a.w.) alizifananisha sala tano na mto ulio mlangoni mwa mtu, aogao humo mara tano kila siku. Kuoga si dalili ya ugonjwa. Lakini yule aogaye kisha akarudi kukaa katika tope lile lile, asiulaumu mto.

Nasi tunayo siku yetu ya wiki. Kila Ijumaa twaingia msikitini, na kila Ijumaa imamu hutukumbusha simu zisilie, na kila Ijumaa hulia moja. Basi ndugu zangu, badala ya kuinyamazisha tu, izime kabisa unapovua viatu mlangoni. Sikiliza hotuba, sali, omba dua yako. Ukitoka, iwashe, na uweke namba yako ya siri ili ujumbe uanze kuingia. Simu itakuwa imepata haki yake ya wiki, na wewe utakuwa umeipata Ijumaa yako bila mshirika.

Na kabla ya kuizima, jiulize mambo mawili: katika simu hii mna amana gani ambayo haijaandikwa mahali pengine? Na ni kitu gani nilichowapelekea wenzangu wiki hii ambacho mimi mwenyewe sikukisoma?

Wabillahi taufiq.